Ndege Asiye na Miguu

Mwalimu Lucien alipopoteza macho, kitu cha kwanza alichokiacha hakikuwa vitabu wala kunyoa ndevu mwenyewe. Aliacha lango.

Lango la nyumba yao, hapa mtaani Muhumba, ni la bati lililopakwa rangi ya kijani, na mbele yake kuna njia inayoteremka kuelekea Ziwa Kivu. Miaka yote aliyofundisha shule ya msingi alilipita asubuhi na jioni. Siku daktari alipomwambia kwamba ugonjwa wa macho umemaliza kazi yake na hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, Lucien alirudi nyumbani akiongozwa mkono na mkewe, Emérence. Njia nzima watu walimsalimu. Bonjour, Mwalimu. Pole, Mwalimu. Zilikuwa sauti za watu wazima, watu aliowafundisha kusoma, naye hakujua hata mmoja ni nani. Aliwajibu wote. Alipofika barazani akaketi kwenye kiti chake cha miwale, akasema:

"Emérence, miye sitatoka tena. Sitaki batoto wangu banione nachungwa sawa mbuzi."

Hao batoto, wanafunzi wake wa zamani, wengine wana wajukuu.

Mimi ni jirani yao. Kati yetu kuna ukuta wa matofali usionifika kidevuni, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona Emérence alinisimulia akiwa ameweka viwiko juu ya ukuta huo.

Lazima niseme kidogo juu ya Lucien alivyokuwa. Jumamosi alikuwa anawashusha wanafunzi mpaka ziwani kuwaonyesha ndege. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na hakuna aliyemtuma. Wakati huo ziwa lilikuwa na njia. Ulishuka kati ya migomba, ukafika kwenye mafunjo, ukanawa miguu, ukarudi. Leo kutoka hapa kwetu mpaka majini ni kuta tupu za majumba ya watu wenye nguvu, zenye vipande vya chupa juu yake, na ili uguse maji ya Kivu ni lazima ufahamiane na mlinzi wa mtu. Palipokuwa na mafunjo pana baa yenye viti vya plastiki. Mtoto wa siku hizi akiona ndege mmoja anasema ndege, akiona mwingine anasema ndege. Lucien aliwajua kwa majina ya Mashi, lugha ya kwetu, kwa majina ya Kifaransa, na kwa majina ambayo nadhani aliyatunga mwenyewe, na wanafunzi wake waliyashika yote bila kujua lipi ni la wapi. Mambo hayo yamekwisha na hakuna aliyeyafanyia hata matanga.

Emérence hakuwa na habari na ndege. Yeye ni sekretari katika ofisi ya parokia. Alianza na mashine ya kupiga chapa, akafika kwenye kompyuta, na katika maisha yake amechapa vyeti vya ubatizo na vya ndoa vya nusu ya watu wa Ibanda. Kwake ndege walikuwa wale wanaochafua nguo zilizoanikwa. Mumewe aliporudi kutoka ziwani na hadithi zake, yeye aliuliza kama amekumbuka kuleta sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Mwaka ukapita Lucien akiwa katika kile kiti. Mwanzoni alisikiliza redio, kisha akasema redio inarudia maneno, akaizima. Alikula alichopewa. Ukimwuliza alijibu, usipomwuliza alinyamaza, na kila mwezi aliulizwa machache zaidi, kwa sababu mtu huchoka kumsemesha anayejibu kwa neno moja. Placide, mtoto wao wa mwisho, anayefanya kazi katika shirika moja mjini, alimletea fimbo nyeupe. Ilibaki nyuma ya mlango, bado imefungwa katika karatasi yake.

"Papa jirani," Emérence aliniambia siku moja pale ukutani, "huyu mutu ananiishia mu kiti."

"Mpe muda."

"Muda nimemupa. Nataka tu atoke ku ile lango. Hata mupaka ku njia, kisha arudi. Sina hitaji ingine."

Mwezi wa nane padri alimwambia Emérence achukue likizo yake. Alikuwa hajawahi kuchukua likizo ya kweli. Zote alizitumia kwa matanga na arusi. Binti yao Chancelle ameolewa Kamanyola, kule chini katika bonde la Ruzizi, na kila mara alikuwa akiwaita. Emérence alimbembeleza Lucien waende pamoja. Lucien akasema Kamanyola kuna joto. Akambembeleza tena. Akasema kuna mbu. Mara ya tatu aligeuza uso upande wa ukuta. Basi Emérence alikwenda peke yake, akamwacha mumewe na Placide, ambaye anajua kupika mayai.

Mtu akitoka Kamanyola huleta nyanya, mchele, maembe kama ni msimu wake. Emérence alileta hivyo pia. Lakini huko alifanya jambo ambalo mpaka leo dada yake Domitille hajamaliza kulicheka. Alipiga picha za ndege, nyingi, kwa simu, ili amletee mume asiyeona.

Na picha zenyewe zilikuwa mbaya sana. Kioo cha kamera ya simu yake kina ufa tangu siku ilipoangukia kwenye ngazi za kanisa, na juu ya ufa kulikuwa na mafuta ya mandazi. Nyingine alizipiga ndani ya gari likiteremka mlima wa Ngomo kwa mitetemo na vumbi. Nyingine alizipiga huku ameficha simu ndani ya kitenge, kwa sababu karibu na mto ni mpaka, na askari wa kizuizi akikuona unapiga picha upande ule utaeleza mpaka jua litue kwamba ulikuwa unapiga ndege. Zilizobaki zilikuwa na kidole chake pembeni.

Alizituma kwanza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Placide akaandika, "Maman, ile ya pili ni ndege ao ni sachet ya plastiki?" Domitille hakuandika, alituma sauti, na Emérence alinisikilizisha: "Mudogo wangu, unapelekea picha mutu hana macho? Mwaka ujao upelekee kiziwi redio." Emérence alijibu kwa neno moja tu: wivu.

Alirudi siku ya Jumapili. Jioni niliingia kwao na chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kumkaribisha jirani. Lucien alikuwa kitini. Emérence akavuta kigoda, akakaa karibu sana na magoti yake.

"Nimekuletea picha," akasema.

"Za nani?"

"Za ndege."

Lucien akamgeuzia uso. "Emérence."

"Ndiyo."

"Unanicheka?"

"Sikuchekake. Macho niko nayo miye, weye uko na kichwa. Uliza."

Nilidhani ataomba apelekwe kulala. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini alikuwa amefundisha maisha yake yote, na mtu akikaa mbele yake akasema uliza, au akasema niulize, kuna kitu ndani yake kisichoweza kukaa kimya.

"Ya kwanza. Unaona nini?"

"Naona kitu ya mweupe. Kubwa."

"Kubwa sawa nini?"

"Sawa mbuzi."

"Ndege kubwa sawa mbuzi."

"Si nakuambia vile naona."

"Imesimama wapi?"

"Juu ya kilima."

"Kilima gani? Kamanyola ni sawa meza."

Emérence akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza, akaisogeza tena. Kisha akasema polepole, "Kilima iko na mukia."

Lucien alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa zaidi ya mwaka. Alicheka mpaka akakohoa, na Emérence, aliyekuwa amekasirika kidogo, akaanza kucheka pia. Kilima kilikuwa ng'ombe, na yule ndege mkubwa kama mbuzi alikuwa yangeyange, ndege wa kawaida kabisa anayekula wadudu mgongoni mwa ng'ombe.

Kwa picha ya pili nilijitia mimi. Nilikuwa nimemwona ndege kwenye ile simu, mweusi, amesimama juu ya mti mkavu, mabawa yamefunguliwa pande zote mbili, na nikasema huyo ni mnandi anakausha mabawa yake baada ya kuvua samaki. Nilikwenda kwangu kuchukua kitabu. Nina kitabu cha ndege nilichopewa na bradha mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao, na nimekisoma mara nyingi. Ni cha ndege wa Ulaya, lakini mimi hujiambia ndege hawana pasipoti. Nikafungua ukurasa wa mnandi, nikaanza kuwasomea.

"Ngoja, muzee," Lucien akasema. "Emérence, kichwa iko wapi?"

"Haina kichwa."

"Ndege anaweza kuficha kichwa," nikasema.

"Angalia ku kifua. Iko na vifungo?"

Emérence akaikuza picha. Akaileta karibu na macho.

"Iko na vifungo," akasema.

Lilikuwa koti. Mkulima wa mpunga alilitundika juu ya msalaba wa miti kufukuza ndege. Lucien hakunicheka sana, lakini Placide alisimama mlangoni akasema, "Papa jirani, tafuta basi koti mu kitabu yako, labda iko mu page ingine."

Picha ya tatu ndiyo iliyotuweka siku nyingi.

Ilikuwa ya bwawa dogo kando ya mtaro wa mpunga. Ndani ya maji kulikuwa na bidon ya njano, dumu la maji la lita ishirini, imesimama, na karibu nayo ndege. Tumbo jeupe, mgongo mweusi. Lakini chini ya tumbo hapakuwa na kitu. Alikuwa ameelea hewani juu ya maji, mabawa yamefungwa, ametulia kama kikombe juu ya rafu.

"Haina miguu," Emérence akasema.

"Anaruka," Placide akasema.

"Mabawa?" Lucien akauliza.

"Imefunga."

"Hakuna ndege ya kusimama mu hewa imefunga mabawa. Iko na miguu. Simu yako ndiyo imeshindwa kuiona. Tena."

Akauliza mdomo. Mwembamba, mweusi, Emérence akasema, labda. Akauliza shingo. Akauliza mkia. Siku ya pili akaamka na swali kabla hajanywa chai: majini, chini ya yule ndege, kuna sura yake? Emérence akaangalia. Ndiyo, kulikuwa na sura nyeupe iliyopinduka, mbali kidogo chini yake.

"Mbali namna gani?"

"Sawa urefu ya bidon."

Midomo ya Lucien ikacheza kama ya mtoto anayepiga hesabu ya kichwa. Kisha akasema aletewe bidon. Emérence akaleta ile ya maji kutoka jikoni, akaiweka mbele yake. Lucien akaishika chini, akapanda na kiganja mpaka juu, akarudi nusu. "Kama sura iko chini sawa vile mwili iko juu, maji iko katikati," akasema. "Basi miguu ni nusu ya bidon. Mpaka hapa." Akaacha kiganja kikiwa kimebana ubavu wa bidon. "Na mwili?"

"Sawa ya njiwa."

"Njiwa, juu ya miguu ya hivi?"

"Ndiyo vile naona."

"Haiwezekani. Miye ndege ya hivyo siijui."

Na ilikuwa kweli kwamba hamjui. Kivu ni ziwa la mawe na miteremko; ukiingiza mguu umeshazama. Ndege wa miguu mirefu wanataka matope ya kina kifupi, na hayo yako chini bondeni, ambako Lucien, kama wengi wetu wa mjini, alipita ndani ya gari tu akienda Uvira. Alikuwa amewajua ndege wote wa pwani yetu, na sasa katika mwaka wake wa sabini na mbili, akiwa hana macho, ndege mgeni alikuwa ameingia ndani ya nyumba yake.

Akaanza kuwa mkali. Akasema Emérence anaangalia vibaya, anakisia, anasema labda mara nyingi mno. Akamwambia aanze tena, kutoka mdomo, na asiruke kitu.

"Lucien," Emérence akasema, "miye si mwanafunzi yako."

"Mwanafunzi angekuwa ameshaona."

Emérence akasimama, akaingia jikoni. Tulisikia sufuria ikigongwa kwa nguvu, na mwiko. Lucien akabaki na mkono wake juu ya bidon. Mimi niliaga, lakini nilikuwa bado natafuta ndala zangu pale barazani Emérence alipotoka na sahani.

Katika nyumba zetu mtoto hachezei bugali. Nilipigwa kwa hilo, Lucien alipigwa, na bila shaka Placide naye. Chakula si udongo. Emérence ni mwanamke wa parokia ambaye sijawahi kumwona akiacha hata tonge kwenye sahani. Na juu ya sahani ile alikuwa amesimamisha ndege wa bugali. Mwili wa ukubwa wa njiwa aliufinyanga kwa viganja, bugali ikiwa bado ya moto, maana vidole vyake vilikuwa vyekundu. Miguu ilikuwa njiti mbili za ufagio, kila mmoja nusu ya bidon, na imechomekwa kwenye kiazi ili isimame. Mdomo ulikuwa njiti nyingine, fupi, iliyochongwa.

"Shika," akasema.

"Ni nini?"

"Ni ndege yako. Shika polepole."

Lucien akanyoosha mikono. Alianza na mdomo, akaurudia kwa ncha ya kidole. Akapita kichwani, shingoni, akazunguka tumbo. Kisha akateremka kwenye zile njiti, na akaendelea kuteremka, na nikaona uso wake ukibadilika kwa sababu njiti hazikuisha mahali alipotegemea ziishe.

"Umeongeza," akasema kwa sauti ndogo.

"Sikuongeza. Nilipima ku bidon."

"Mudomo iko nyoofu hivi?"

"Nyoofu. Hiyo sikukisia."

Hapo mwili, uliokuwa mzito kwa miguu ile, ukainama, ukaanguka kifuani pake. Nilitazamia Emérence aone haya. Lucien akaukamata, akautafutia matundu yake, akaurudisha juu ya njiti, akakosea, akajaribu tena. Emérence alishika kiazi kisiteleze. Walifanya hivyo vichwa vikikaribia kugusana, na bugali yote ya chakula cha jioni ikapoa ndani. Niliona ndala zangu zilikuwa miguuni muda wote, nikaenda.

Nilirudi kesho yake na kitabu. Safari hii sikufungua mdomo kabla ya kutafuta, na nilitafuta kwa adabu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikamkuta. Tumbo jeupe, mgongo mweusi, mdomo kama sindano, na miguu mirefu ya ajabu, myekundu. Kitabu kilisema ni ndege wa kule na wa huku, anapatikana karibu dunia nzima palipo na maji machache. Emérence akaangalia, akasema, "Ni yeye. Sasa nakumbuka, miguu ilikuwa myekundu." Wafaransa humwita échasse, kwa jina la ile miti ambayo watu wa michezo huisimamia ili wawe warefu. Nikamwambia Lucien jina hilo.

Nilitegemea atafurahi. Alilisema mara moja, kama mtu anayeonja mboga, akatikisa kichwa.

"Jina nimepata. Inalia namna gani?"

Nikamsomea. Mwandishi alikuwa ameandika sauti ya ndege kwa herufi. Lucien akaniambia nisome tena, nikasoma tena, nikijisikia mjinga.

"Hiyo ni sauti ya muzungu," akasema. "Emérence, weye ulikuwa pale. Inasema nini?"

"Sikusikia."

"Ulikuwa mu gari?"

"Nilikuwa ku miguu, ku ukingo wa mutaro. Inaweza ililia. Nilikuwa naangalia tu, kwa ajili yako. Nilisema akili yote iende ku macho."

Lucien akainamisha uso. Nje mtoto wa mtu alikuwa anavuta debe njiani, na kelele ile ikapita mbele ya lango, ikashuka, ikaisha.

"Gari ya Kamanyola inaondoka saa ngapi?" akauliza.

Emérence alikuwa amegeuka upande wa ukuta na kujifuta uso kwa ncha ya kitenge, polepole, bila kuvuta pumzi kwa nguvu, ili asimsikie.

Siku ya safari niliamka mapema nikasimama ukutani kwangu, na sioni haya kusema. Lucien alikuwa amevaa koti lake la shule na kofia. Placide alibeba mfuko, kuwasindikiza mpaka kwenye gari. Walifika langoni, Emérence akafungua komeo, na Lucien akasimama. Aliweka kiganja juu ya bati, akakiacha pale. Nilifikiri imekwisha.

"Ni batu wengi ku njia?" akauliza.

"Ni bale ba kila siku."

"Sitaki univute."

"Nani anakuvuta?" Emérence akasema. "Kunja mukono. Hapana vile. Sawa siku ya ndoa, wakati tulitoka mu kanisa." Lucien akaukunja mkono wake wa kulia, na Emérence akaupitisha wa kwake ndani, akakaza. "Vile. Sasa batu baangalie baseme nani anachunga mwenzake."

Wakatoka. Njia inapanda kuelekea barabara kubwa, nami nikatoka langoni kwangu nikawafuata kwa mbali kidogo, kama mtu mwenye shughuli zake. Pembeni, pale wanapokaanga mandazi, mama mmoja akanyanyua kichwa. "Bonjour, Mwalimu."

Lucien akasimama. Nikaona bega lake likiinuka, kama lilivyoinuka siku ile aliporudi kutoka kwa daktari. Kisha likashuka.

"Sema tena kidogo," akasema.

"Niseme nini, Mwalimu?"

"Darasani ulikuwa unakaa mbele ao nyuma?"

"Nyuma. Pa dirisha."

"Na hesabu?"

"Hesabu ulinipigia sana," yule mama akasema, na mafuta yakachemka bila mtu wa kuyaangalia.

"Ulikuwa unalia hata sijakupiga, ili nikupige kidogo," Lucien akasema. "Weye ni Maombi."

"Ni miye, Mwalimu." Akafuta mikono haraka, akazunguka karai, akamshika mikono yote miwili, akawafungia mandazi kwenye karatasi ya gazeti.

Wa pili, fundi viatu, Lucien alimkosea kabisa. Aliuliza maswali matatu, akataja jina la mtu aliyehamia Lubumbashi zamani. Fundi akacheka, Emérence akacheka, na Lucien akasema, "Basi, usiniambie. Nitakupata wakati nitarudi." Wakaendelea kupanda. Kwa wa tatu sikuwa karibu vya kutosha kusikia. Niliona tu amesimama, ameinamisha sikio, na watu wa nyuma yake wanasubiri apite.

Yaliyotokea Kamanyola ni ya Emérence, na ninayaandika kama alivyonipa.

Chancelle, binti yao, aliwapokea, akalia kidogo, akawapa chakula. Jioni jua lilipopungua wakashuka kwenye mpunga, mkono ndani ya mkono, kwenye ukingo mwembamba wa mtaro usiotosha watu wawili, kwa hiyo Emérence alitembea na mguu mmoja ndani ya matope. Bwawa lilikuwapo, lakini dogo kuliko siku zile, na bidon haikuwapo tena. Ndege hakuwapo. Kulikuwa na bata wa mtu. Wakarudi. Kesho yake wakaenda tena, wakakaa juu ya majani, na Emérence akaanza kuogopa kwamba amemleta bure, kwamba mume wake atarudi Muhumba, atafunga lile lango na hatamwamini tena.

Akawa anaangalia kwa nguvu sana, akili yote machoni. Hakuona kitu.

"Hiyo," Lucien akasema.

"Iko wapi?"

"Nyamaza."

Ndipo naye akaisikia, sauti kali, fupi fupi, ya kukasirika, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe ili ahudumiwe. Hakuona ilikotoka. Lucien alikuwa ameinua mkono, na kidole chake kilielekea kushoto, kwenye mpunga uliokatwa, ambako Emérence hakuwa ameangalia kwa sababu hapakuwa na maji ya kuonekana. Akafuata kidole hicho kwa macho. Pale chini ya mashina, kwenye maji ya kufunika kwato tu, ndege alisimama juu ya miguu yake myekundu.

"Unaiona?" Lucien akauliza.

"Naiona."

"Iko peke yake?"

"Peke yake. Inatuangalia. Haitufurahie."

Lucien akasikiliza, mdomo wazi kidogo. Emérence anasema alionekana kama mtoto siku ya kwanza ya shule, na mimi namwamini. Kisha ndege akaruka, akilia zaidi, na Lucien akabaki na kidole kikielekea mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Emérence akakishika kiwiko chake na kukisogeza. Aliusogeza mkono wa mumewe polepole, juu ya mpunga, juu ya miti ya ukingoni, kadiri ndege alivyokwenda.

"Miguu?" Lucien akauliza.

"Imenyoosha yote nyuma. Ni ndefu kupita mukia."

"Na sasa?"

"Inapita juu ya mto. Sasa iko Rwanda."

"Bila karatasi," Lucien akasema.

Sauti ikawa ndogo, kisha ikawa ya kukisia, kisha ikaisha. Emérence akamwambia jua limekwisha, mbu wameanza, na Chancelle anangoja na chakula. Mkono wa Lucien ulikuwa bado umeinuka kuelekea ng'ambo.

"Tungoje kidogo," akasema. "Labda itarudi."

Wakangoja.